Namna Mashini Ilijifunza Kupokea Mugeni

Siku ile wamama kumi na mmoja walisimama pamoja, wakatoka inje, na mujukuu wangu akabaki peke yake ndani ya chumba na mashini tano zinawaka. Alikuja kwangu na viatu mukononi. Mimi nilikuwa ninatwanga sombe, majani ya muhogo. Sikuacha kutwanga.

"Koko, wamekimbia."

"Nani amekimbia?"

"Wamama wote. Wamesoma maneno kwa mashini, wamekimbia."

"Maneno gani?"

Akaanza kupangusa viatu vyake. Mujukuu wangu akiulizwa na kushika kazi ingine, ujue ameisha kufahamu kosa yake na anatafuta muntu wa kumuambia kama si kosa. Mimi si muntu wa kazi ile.

Yeye njo mutoto wa binti yangu wa pili. Alisomea mambo ya ordinatere, wengine wanaita kompyuta, kule mbali, akarudia Kindu na diplome na homa. Homa ilipona. Alipopata nguvu alianza kuomba huku na huku, mupaka watu fulani wakaazimisha mashini tano kwa fuwaye ya Mikelenge, ile nyumba wamama wanajifunza kushona asubuhi na kusoma mangaribi. Walisema: tunawaachia miezi mitatu. Wamama wakizitumia, zitabaki. Wasipozitumia, zitavuka fleuve, ule muto mukubwa, ziende kwa shule moja ya Alunguli. Mujukuu wangu aliitika mbele ya watu wote, mukono juu, kama mwenye kuoa. Sasa muezi ya kwanza ilikuwa imeisha, na kila muntu alikuwa ameisha kukimbia.

Zile mashini zilikuwa za zamani. Alitoa roho yao ya zamani, akatia systeme ingine mupya, ya bure. Nilimuuliza systeme njo nini. Akasema njo ile kitu ndani inayopokea muntu anapofika, inamusikiliza, inamupa kile anataka. Bila yeye mashini ni sanduku tu.

"Basi njo mwenye nyumba," nikasema.

"Ndiyo, koko. Njo mwenye nyumba."

Na huyu mwenye nyumba, mbele muntu hajafanya kitu, anaonyesha maneno kwa ekrani, kile kioo cha mashini. Nikamuambia anisomee yale maneno. Alisoma Kifaransa. Nikamuambia asome lugha ya watu. Ilikuwa hivi: Hapa wanaingia tu wale wenye ruhusa. Kila kitu unafanya kinaangaliwa na kuandikwa. Anayeingia bila ruhusa atafuatwa na sheria.

Nikaweka muchi chini.

"Nani aliandika hii?"

"Hakuna muntu, koko. Iko vile kwa mashini zote kule nilisoma. Nilikopiye tu, neno kwa neno."

"Na nani anawaangalia wale wamama?"

"Hakuna."

"Hakuna hata mumoja?"

"Hata mumoja. Sina hata namna ya kuangalia."

"Basi umeogopesha watu na uongo," nikamuambia. "Askari wa wakati ya vita angalau alikuwa na bunduki ya kweli."

Alilia kidogo. Nilimuacha alie. Machozi ya muntu mukubwa hayapanguswi na mwingine.

Wale wamama wengine hawakujua Kifaransa. Mwenye kuwasomea alikuwa mama mumoja anayeuzisha mafuta ya mawese kwa njia ya gare ya treni, mwanamuke munene, sauti kama kengele, aliyefika mwaka ya sita ya primere, shule ya musingi. Alisoma, akageuza kwa Kiswahili, kwa sauti ile. Kwa neno "kuandikwa" kila muntu alichukua kikwembe yake ya kujifunga. Mimi pia ningechukua. Mudogo kati yao alizaliwa mbele ya vita kuanza. Wote walipita mbele ya bariyeri, pale askari wanafunga njia, wakaona kaye ya kuandika majina iko wazi juu ya meza na bic, kalamu yao, iko juu ya kaye, na muntu anawauliza jina na fasi wanatoka. Wanajua jina ikiisha kuandikwa inaweza kutembea bila wewe.

Kesho yake mujukuu wangu alirudi na maneno mapya. Aliyachapisha kwa karatasi. Karatasi ilijaa. Juu iliandikwa Pongezi Sana, na chini yake habari ya systeme, nani aliitengeneza, kwa nini iko ya bure, namna ya kuandika barua, namna ya kupiga hesabu, namna ya kubadilisha picha ya nyuma, vibonyezo gani ukifinya pamoja vinafanya nini. Ilikuwa na furaha ndani, hiyo sikatai. Mwenye kuandika alikuwa anapenda nyumba yake.

Nilisoma polepole. Mimi nilifika mwaka ya tatu tu, kisha baba akasema inatosha. Kusoma kabisa nilijifunza uzeeni, kwa fuwaye hiyo hiyo, nikiwa na wajukuu. Kwa hiyo ninajua muntu anayesoma na kidole. Nilifika musitari ya tano, musitari ya kwanza ikatoka kichwani.

"Muntu bado kukaa," nikamuambia, "wewe unaisha kumuhesabia sufuria zako zote."

"Lakini koko, vyote ni vya lazima."

"Kwake ama kwako?"

Hakuamini. Akasema tujaribu. Tukamuita ule mama wa mawese, yeye mwenyewe aliyekimbiza wengine. Alikubali kuja juu ya heshima yangu tu, akakaa kwa mupembe ya kiti, tako moja inje. Mujukuu akafungua mashini. Maneno ikajaa ekrani. Mama wa mawese akasoma musitari mbili kwa sauti, mbili ingine kimya, kisha akanigeukia.

"Mama mukubwa, hii ni barua ya nani?"

"Yako."

"Inataka nini kwangu?"

Hakungoja tumujibu. Akaenda zake kuangalia mafuta yake.

Basi nikasema, sasa mimi nitaandika. Nilikaa na kaye siku mbili. Ninajua kupokea watu, nilifikiri. Nilipokea watu maisha yangu yote, na wengi zaidi wakati ya vita. Niliandika: Nawa mikono mbele ya kugusa. Usilete mutoto anayenyonya. Usikule hapa. Usifinye kitu hujaambiwa. Usiite mwenzako kwa sauti. Ukimaliza, funga. Nilifurahi. Ilikuwa fupi, ilikuwa kweli, na kila musitari ilikuwa na faida.

Mujukuu wangu alisoma, akacheka mupaka akashika ukuta.

"Unacheka nini?"

"Koko, umejenga bariyeri ingine."

Nilimukasirikia. Nilimuambia aondoke, aende kucheka kwao. Aliondoka, lakini ile neno ilibaki na mimi kwa lupango yangu, kiwanja ya nyumba.

Sasa lazima niseme jambo moja ambalo sikuzoea kusema.

Wakati ya vita lupango yangu ilikuwa hapa hapa Mikelenge, karibu na njia ya reli. Treni ilikuwa imekufa. Mashamba yalikuwa mbali, na kwenda huko ilikuwa kutupa roho. Watu walifika kwa miguu, wengine toka njia ya Kalima, wengine toka poripori, na mizigo juu ya kichwa. Kwetu mugeni anapokelewa. Muislamu, mukristu, muntu wa Kasai aliyekuja na kazi ya reli, wote tulikuwa vile: unamupa kiti, unamupa maji, njo anaweza kukupa habari. Habari haiombwi kwa muntu amesimama. Mama yangu alinifundisha hivyo, na mimi nilifundisha watoto wangu.

Lakini woga ilinibadilisha. Ilikuwa inasemwa kama ukipokea muntu bila kumujua, wenye bunduki watafuata nyuma yake na kukuuliza wewe. Nilikuwa na watoto wane ndani ya nyumba, na mume wangu alikuwa ameisha kufa. Nilianza kusimama kwa mulango.

Siku moja, saa sita ya muchana, alifika mwanamuke na musichana wake mudogo. Mwanamuke alikuwa na sufuria moja imefungwa ndani ya kitambaa. Akasema hodi. Sikusema karibu. Niliuliza: unatoka wapi? Akajibu. Niliuliza: mumekuja wangapi? Akajibu. Niliuliza: nani alikuambia nyumba hii? Akaangalia chini. Niliuliza: nani alikuona kwa njia? Hapo alimushika musichana mukono, akageuka. Hakukasirika. Aligeuka tu kama muntu aliyekosea lupango. Nilimuita. "Mama, rudi, kaa." Hakurudi. Nilitoka mupaka kwa reli, nikaangalia huku na kule. Jua ilikuwa kali, chuma ilikuwa inang'aa, hakukuwa muntu.

Sikumuona tena. Sijui alipokelewa wapi ama kama alipokelewa. Muntu asiniambie alifika salama, juu hajui, na mimi sijui.

Kutoka siku ile nilibadilisha kazi ya mulango. Aliyefika, nilisema kwanza: umefika fasi ya kukaa. Maneno hayo tu. Kisha maji. Kisha nilimuonyesha vitu vitatu: choo iko wapi, mimi ninalala wapi kama akinihitaji, na nyuma ya jiko, fasi ukuta ya matete ya lupango imefunguka, muntu anaweza kupita akitoka mbio. Jirani mumoja alinicheka: "Wewe unapokea mugeni na kumuonyesha fasi ya kukimbia?" Nikamujibu: "Muntu asiyejua fasi ya kutoka hawezi kulala." Na kweli, wale nilionyesha matete, njo walilala. Niliwasikia wanakoroma.

Nilimuita mujukuu wangu. Alikuja na uso wa kuomba samahani. Nikamuambia aweke samahani yake pembeni, alete karatasi.

"Ule mama wa mawese anapokaa mbele ya mashini," nikamuuliza, "anaogopa nini?"

"Kuiharibu."

"Ingine?"

Akafikiri. "Kukwama. Na wengine wanacheka."

"Ingine?"

"Sijui, koko."

"Anaogopa hajui namna ya kutoka. Ameingia ndani ya kitu ya watu, na mulango imefungwa nyuma yake. Wewe kwa karatasi yako kubwa ulisema yote, hukusema kutoka."

Akachukua karatasi yake, akatafuta neno ya kutoka, juu mupaka chini. Haikuwa ndani.

Tukaanza. Neno ya kwanza ilituchukua asubuhi nzima. Yeye alitaka Bienvenue ya Kifaransa. Nikasema hapana. Akasema Jambo, nikasema Jambo inataka majibu, na mashini haisikii majibu. Nilifikiri Salam alekum, kisha nikakumbuka wale wamama wa kikristu, watasema hii ni mashini ya upande ule; na tukiweka Bwana Asifiwe, mimi mwenyewe, muislamu, sitakaa. Tukaweka Karibu, mama. Karibu haina dini.

Musitari ya pili nilisema: Hakuna kitu utafinya hapa kitaharibika.

Mujukuu akaweka bic chini. "Koko, hiyo si kweli."

"Namna gani si kweli?"

"Wote wanaingia kwa mulango moja, wanaweka kazi yao fasi moja. Mumoja akikosea anaweza kufuta barua ya mwingine. Anaweza hata kufuta vitu vya systeme."

"Basi usiandike."

"Lakini njo musitari ya muhimu kuliko yote!"

"Ninajua. Lakini ule wa kwanza ulikuwa uongo wa kuogopesha. Huu utakuwa uongo wa kubembeleza. Siku mama mumoja atapoteza barua yake, hatasoma tena kitu chochote utaandika."

Alichukua tena bic. Kisha akasema kitu nilichopenda: "Basi nitaifanya ikuwe kweli."

Juma nzima hakuonekana muchana. Alikuwa anaamka, anaenda fuwaye, anarudi na macho mekundu. Alimupa kila mama chumba yake ndani ya mashini, na ufunguo yake, na akafunga vitu vya systeme fasi mama hawezi kufika. Aliweka namna ya kurudisha kitu kilichofutwa. Kisha alinipeleka nijaribu. Aliniambia: "Haribu, koko." Nilifinya kila kitu. Nilifinya na mikono miwili, kama anayepiga unga. Nilifuta barua yake, ikarudi. Nilifunga, nikafungua. Niliona mashini inanivumilia. Hapo nikamuambia: "Sasa andika."

Na hii njo maneno ilibaki:

Karibu, mama. Umefika fasi ya kukaa.
Hakuna kitu utafinya hapa kitaharibika.
Ukikwama, inua mukono. Hata mwenye kufundisha anakwamaka.
Ukitaka kutoka, finya ule mulango mwekundu chini. Kazi yako itabaki.

Kulikuwa mabishano juu ya "anakwamaka". Mujukuu alisema inamushusha mbele ya wanafunzi. Nikamuuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli kila siku. Ikabaki.

Na ule mulango mwekundu, yeye mwenyewe aliuchora, juu ile alama iliyokuwa pale ilikuwa duara na fimbo ndani, na hakuna mama wa Mikelenge anayejua duara na fimbo ni fasi ya kutoka.

Kuwarudisha wamama njo kazi ilinibakia. Nilipita kwa kila lupango. Sikubembeleza. Nilisema: yale maneno ya kwanza ilikuwa uongo, hakuna muntu alikuwa anaangalia, mujukuu wangu alikosea, njooni muone. Wengine walisema watakuja, sauti ya mwenye hatakuja. Mama wa mawese alisema: "Mama mukubwa, mara ya kwanza walitufukuza, mara ya pili walituletea barua ndefu. Mara ya tatu watatupiga?"

"Njoo uone. Wakikupiga, nitawapiga mimi."

Alicheka. Alikuja na wengine wane nyuma yake, wamesimama kwa mulango kama watu wanangoja maiti itoke.

Mujukuu wangu alifungua mashini, akajiweka mbali, mikono nyuma. Mama wa mawese akasoma kwa sauti yake ile, kidole kwa ekrani. Karibu, mama. Umefika fasi ya kukaa. Akajisogeza, akakaa tako zote mbili. Akasoma mupaka chini. Kisha, bila kugusa kitu kingine, akafinya mulango mwekundu. Mashini ikamutoa.

"Imenitoa," akasema.

"Ndiyo, mama," mujukuu akajibu, sauti ndogo.

"Sikukosea?"

"Hukukosea."

Akaingia tena. Akatoka tena. Akaingia, akaandika herufi tatu, akatoka, akaingia kuangalia kama zile herufi ziko. Zilikuwako. Wale wane kwa mulango walianza kusogea. Mumoja akamuambia: "We, tako kubwa, acha na sisi tutoke!" Wakacheka wote, wakagombana kiti. Siku ile hakuna aliyejifunza kitu kingine ila kuingia na kutoka. Mujukuu wangu alisema mangaribi imepotea. Nilimuambia hakuna mangaribi ilipotea pale.

Walirudi. Wakaleta wengine. Muezi ya tatu ilipoisha, yule aliyetumwa na wenye mashini kuziangalia alifika na karatasi yake. Alisimama, juu viti vyote vilikuwa na watu, na hakuna mama alimupisha, walikuwa wanaandika. Alikaa juu ya furushi ya vitambaa vya kushona, akaangalia mangaribi nzima. Hakuuliza swali nyingi. Mashini zilibaki Mikelenge.

Nilifikiri imeisha. Lakini juma moja nyuma ya hapo mama wa mawese alikuja kwangu, uso umefungwa. Alikuwa ameisha kujua kuandika barua, alikuwa anamuandikia dada yake anayekaa Obokote, na musafiri wa kinga, wa baiskeli, anapeleka.

"Mama mukubwa, muambie mutoto wako, mimi sifurahi."

"Juu ya nini?"

"Kila siku ninaingia, ile mashini inaniambia karibu, umefika, hakuna kitu kitaharibika. Kila siku! Miezi miwili sasa. Mimi ningali mugeni? Kwetu mugeni siku mbili, siku ya tatu unamupa jembe. Inaniona bado mujinga?"

Niliingia ndani ya nyumba nicheke kidogo, kisha nikatoka na uso wangu wa kila siku. Nilimuambia ana haki. Nikamutuma kwa mujukuu wangu, amuambie yeye mwenyewe.

Alimuambia, na sauti ile fuwaye yote ilisikia. Mujukuu wangu alitafuta namna, akapata: ile maneno inatokea sasa kwa aliye mupya, siku mbili. Siku ya tatu mashini inamufungulia chumba yake, ekrani iko nyeupe, hakuna neno.

Mama wa mawese aliingia, akaona ile weupe, akaiangalia kidogo. Kisha akaanza kuandika.